Munyu Ndani ya Rejeta

Nilikuwa nimeketi kibarazani kwa mjukuu wangu Rehema, huku jijini, mtaa wa Mowlem, nikimenya njegere, fundi alipofungua bomba la chini la rejeta ya gari lake na maji yakaanza kumwagika kwenye karai. Sikuwa nimetazama. Harufu ndiyo iliyonifikia kwanza. Ni harufu ya chuma kilicholowa na kuchemka mara nyingi, yenye utamu kidogo, inayokaa kooni kama damu ya jino lililong'oka. Nilipogeuka, karai lilikuwa limejaa maji mekundu, na juu yake vielea vidogo vya kutu.

"Cheki hii, Shosh," fundi akaniita. "Hii si maji, hii ni strungi, chai bila maziwa. Nani amekuwa akijaza maji ya mfereji?"

"Si nyinyi mafundi mliniambia maji ni maji?" Rehema akamjibu.

"Aliyekuambia hivyo ni fundi wa baiskeli."

Wakacheka wote wawili. Mimi sufuria iliniponyoka na njegere zikatawanyika sakafuni. Rehema akaja mbio akidhani ni presha. Nikamwambia ni uzee tu, nikainama kuziokota.

Nimekuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu. Nimeketi na wanawake wengi waliobeba mambo mazito, nikawaambia kwamba Mungu hachoki kusikiliza. Lakini jambo langu mimi nililiweka kifuani tangu nilipokuwa na miaka tisa, na aliyekuwa akililipia hakuwa mimi.

Wakati ule tulikaa Shauri Moyo, katika nyumba za baraza la jiji, chumba kimoja cha watu watatu. Baba alikuwa mtunza boila katika kiwanda cha blanketi, Industrial Area. Kila asubuhi alitembea kwenda kazini ingawa alikuwa na gari, kwa sababu gari lile lilikuwa zee na yeye alilitunza kama mtu anavyomtunza mzazi. Aliachiwa na msimamizi wake aliyehama nchi. Lilikuwa la rangi ya maziwa, ila mlango mmoja wa nyuma ulikuwa wa kijani, umetolewa kwenye gari jingine. Mbele ya mlango wetu lilisimama juu ya mawe manne kwa muda mrefu kabla Baba hajapata magurudumu. Lilipoanza kutembea, likawa gari la kanisa: lilibeba wagonjwa, ngoma, maharusi, na mara moja mbuzi wa mchango aliyekula kiti.

Rejeta ndiyo iliyokuwa ugonjwa wake. Ukifungua kifuniko ulikuta maji ya kahawia, na watoto wa jirani walituimbia, "Gari yenu inakojoa strungi!" Mimi niliona aibu. Baba hakuona.

"Chuma hakiuawi na moto," alikuwa akiniambia. "Mimi nakaa na moto kila siku. Chuma huuawa na maji."

Kule kiwandani walitia magadi katika maji ya boila ili chuma kisiliwe na kutu. Baba hakutaka kuchukua magadi ya kiwanda, kwani hata kiganja kimoja kingekuwa wizi. Akatumia munyu wa Mama. Wenzangu waliotoka magharibi mwa nchi wanaujua. Unachoma maganda makavu ya maharagwe, unaweka majivu kwenye kopo lililotobolewa matundu chini, unamimina maji juu yake polepole, na chini yanadondoka maji ya rangi ya asali, makali kwenye ulimi. Ukiyatia kwenye mboga ngumu, kunde au mrenda, mboga hulainika mpaka huhitaji meno. Kukhu, mama yake Mama, alitutumia maganda hayo kwa gunia, na Mama alihifadhi munyu katika chupa ya kijani chini ya kitanda.

Kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa baridi, Baba alinipa kijiko na chupa. "Kijiko kimoja," alisema. Nilitia kimoja. Kisha aliongeza maji ya mvua aliyokinga kwenye pipa, maana hakuyaamini maji ya mfereji. Hata hivyo maji ndani hayakuacha kuwa mekundu, nami siku moja nikamuuliza kwa nini hatutii chupa nzima ili yatakate.

"Kutu iliyolala usiiamshe," akasema. "Sisi tunazuia mpya." Akafunga kifuniko. Hakuniambia zaidi, nami sikuuliza zaidi.

Mwaka uliofuata Mama akaugua tumbo. Alilazwa, akatolewa, akalazwa tena. Siku ya mwisho daktari alimwambia Baba ampeleke mgonjwa nyumbani akapumzike. Nilifurahi sana. Nilikimbia nikawaambia majirani kwamba Mama amepona, sasa anapumzika. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifua pale mferejini aliacha nguo katika beseni akaingia ndani kwake, na mimi nikadhani ana wivu.

Mama aliomba kitu kimoja tu. Alitaka kumwona mama yake. Kukhu miguu ilikuwa imemkataa, hangeweza kusafiri. Baba alienda kituo cha mabasi ya mbali akarudi jioni uso umemshuka: hakuna basi lililokubali mgonjwa wa kubebwa amelala. Mjomba Zakayo, mdogo wake Mama, ambaye alikaa nasi siku zile za ugonjwa, alisimama katikati ya chumba akauliza, "Kwa hiyo atafia hapa kwenye saruji?"

"Nitampeleka mimi," Baba akasema. "Jumamosi."

"Kwa hilo gari la strungi?"

"Kwa hilo hilo."

Jumapili kabla ya safari, mwalimu wetu wa watoto alitusimulia habari ya yule mtu aliyeficha vitu vya haramu chini ya hema lake, na kwa sababu ya uchafu ule uliofichwa jeshi zima likashindwa vitani. "Kitu kichafu kilichofichwa ndani," mwalimu alisema akijigonga kifua, "kinaweza kuzuia watu wote wasifike." Watoto wengine walifikiria dhambi zao. Mimi nilifikiria rejeta.

Ijumaa nilitoka shule mapema. Baba alikuwa kazini, Mjomba alikuwa amekwenda kuomba godoro la kuazima. Mama alikuwa amelala, uso kauelekeza ukutani. Nikaivuta chupa ya kijani, nikatoka nje, nikafungua kifuniko cha rejeta kama nilivyofundishwa, kwa kitambaa, nimeweka uso pembeni. Nilipiga magoti kwenye bampa. Nilisali kwanza. Nilimwambia Mungu kwamba naondoa uchafu wetu ili Mama afike. Kisha nikamimina chupa yote. Munyu ule mkali ulinimwagikia vidoleni, ukaniwasha, nami nikaona huo ndio uthibitisho kwamba dawa inafanya kazi.

Baba aliporudi aliwasha gari akaliacha lingurume kwa muda mrefu, akilisikiliza huku ameinamisha kichwa. Hakufungua rejeta kwa kuwa ilikuwa imepata moto. Asubuhi ya Jumamosi haraka ilikuwa nyingi; aliongeza tu maji ya mvua.

Watu wa kanisa walikuja wakiwa wamevaa kanzu zao nyeupe. Walimbeba Mama juu ya shuka, wanne kwa pembe nne, wakamlaza kwenye godoro lililojaa kiti chote cha nyuma. Alikuwa amefungwa kilemba chake cha Jumapili. Alinitazama nikijikunja sakafuni karibu na kichwa chake, akasema, "Leo utaonja mboga za kwa mama." Waliimba mpaka tulipopinda kona.

Hatukufika mbali. Tulikuwa hatujapita hata kile kituo cha mabasi yaliyotukataa, mvuke ukaanza kupanda kutoka mbele, mweupe, kimya kimya. Baba akasimamisha gari kando. Tulingoja lipoe. Jua lilikuwa kali, Mjomba alimpepea Mama kwa kofia, na Baba alizunguka gari akiwa na koti mkononi. Mwishowe akafunika kifuniko kwa koti akafungua. Nikanyanyuka kuchungulia. Ndani kulikuwa karibu kukauka. Lakini chini ya gari barabara ilikuwa imelowa, na rejeta ilikuwa inatoka machozi. Siwezi kulisema kwa neno jingine. Si tundu moja; matone yalitoka kila mahali, kumi, kumi na tano, na yaliyodondoka yalikuwa yamebeba tope jekundu.

Vijana waliokuwa wakisukuma mikokoteni ya soko la Gikomba walitusaidia kulisukuma gari mpaka kwenye vibanda vya wahunzi kule kule Shauri Moyo tulikotoka. Wale walioimba asubuhi walituona tukirudishwa. Hakuna aliyecheka, hata watoto.

Mhunzi alikuwa mzee mmoja mwenye jicho moja zima, aliyejua kuziba vyuma kwa risasi iliyoyeyushwa. Aliifungua rejeta, akaziba midomo yake, akaitumbukiza kwenye pipa la maji na kupuliza. Mapovu yakapanda kama uji. Alitia risasi tundu la kwanza, la pili, la tatu. Akaitumbukiza tena. Mapovu yakatoka mahali pengine. Akatia tena. Baba alitia mkaa, akapuliza moto, akashika koleo. Mjomba alitumwa dukani akaleta manjano, maana wengine walisema unga wa manjano huziba, ukatiwa, ukatoka. Yai likatiwa, likatoka. Jua likapita utosini likaanza kushuka, na Mama alikuwa ndani ya gari lisilo na rejeta, milango yote wazi, akiuliza kwa sauti ndogo kila nilipompelekea maji, "Tuko wapi sasa?"

"Tuko njiani, Mama," nilimwambia.

Hatimaye mzee aliiweka rejeta chini akafuta mikono. "Mzee mwenzangu," akamwambia Baba, "nani ameiosha hii?"

"Kwa nini?"

"Chuma chake kilishaisha zamani. Kutu ndiyo iliyokuwa inashikilia maji. Mtu ameing'oa kutu yote kwa siku moja. Sasa imebaki kichungi."

Nakumbuka sauti ya nyundo za vibanda vingine zikiendelea. Baba aliinua rejeta, akaweka pua kwenye mdomo wa juu wa ile rejeta, akanusa. Alinusa muda mrefu. Kisha akanitazama. Hakutazama uso wangu. Alitazama vidole vyangu, vilivyokuwa vimebabuka ngozi. Nikavificha nyuma. 

"Ni mimi," Baba akasema.

Mjomba Zakayo akageuka. "Wewe?"

"Ni mimi. Nilitaka iwe safi kwa safari. Nilizidisha munyu."

"Wewe unayelipwa kutunza maboila! Wewe unayemfundisha kila mtu habari za maji!" Mjomba alikuwa analia. "Umemnyima dada yangu mama yake kwa ujinga ambao hata mtoto hawezi kuufanya!"

"Zakayo," Mama akaita kutoka garini. "Mwache mume wangu."

Tulimrudisha Mama chumbani kwa shuka ile ile.

Kesho yake Mjomba aliwaita wazee wa kanisa, nao wakamwomba Baba aeleze mbele ya watu kilichotokea, kwa kuwa safari ilikuwa ya kanisa lote. Baba alisimama, kofia mkononi. "Niliosha kupita kipimo," akasema. "Kosa ni langu."

Wazee waliguna. Mimi nilipigwa na hofu ambayo sijapata kuiona tena. Kwa sababu nilikuwa nimefundishwa pia habari ya mume na mke waliodanganya mbele ya mitume, wakaanguka pale pale wakafa, na vijana wakawatoa nje. Baba yangu alikuwa amedanganya mbele ya kanisa. Nilitazama viatu vyake nikingoja aanguke. Hakuanguka. Nikajua basi itakuwa baadaye. Tangu siku ile nilikuwa na wazazi wawili wa kufa. Nilimsindikiza Baba mpaka choo cha nje nikamngoja mlangoni. Alipolala mchana wa Jumapili niliweka kiganja mbele ya pua yake. Nilijua dawa ilikuwa nini: kusema ukweli, aondokewe na uongo wake. Lakini nikisema, Mama atajua kwamba ni mimi. Nilichagua kila siku kati ya roho ya baba yangu na uso wa mama yangu, na kila siku nilinyamaza.

Siku moja katikati ya juma Mama aliomba mboga. Hakuwa amekula kitu. Mwanamke jirani alileta kunde, akaniuliza munyu uko wapi. Nikasema umekwisha. Mama aligeuza kichwa taratibu juu ya mto, akanitazama.  Alinyoosha mkono, nikadhani anataka maji, kumbe alitaka mkono wangu. Aliushika pamoja na ile ngozi iliyobabuka, akaulaza juu ya shuka, akaufunika kwa wake. Mpaka leo sijui alijua au hakujua.

Mjomba alikuwa amepanda basi kwenda kumwambia Kukhu kwamba safari imekwama. Alirudi peke yake na kifurushi: mboga zilizokaushwa na chupa ya munyu. Mboga zikapikwa. Mama alikula matonge matatu, akatafuna huku amefumba macho. "Huu ni mkono wa mama," akasema. "Basi nimefika." Siku ya pili yake, saa ya watoto kutoka shule, alifariki.

Nashukuru kwa yale matonge matatu. Nimeyashukuru katika kila chakula nilichokula tangu wakati huo.

Baada ya mazishi huko nyumbani, Mjomba Zakayo alimwambia Baba mbele ya watu kwamba hatakunywa hata maji ya nyumba yake. Na hakuyanywa. Baba alistaafu akarudi magharibi, wakaishi ukingo mmoja na mwingine wa mto ule ule, wakienda soko moja, na Mjomba akiona Baba anakuja alivuka njia.

Nilikuwa na watoto watatu nilipopata nguvu ya kumwambia Baba. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Nilisema yote bila kuinua macho, mpaka ile hofu yangu kwamba angeanguka afe kwa kusema uongo.

Alipukuchua gunzi lake mpaka likaisha. "Nilijua nilipoinusa," akasema. "Lakini uongo gani?"

"Ulisema ni wewe."

"Nani alikupa kijiko? Nani alikuonyesha munyu na rejeta? Nilikuambia kipimo, sikukuambia sababu. Mtu anayempa mtoto kipimo bila sababu, kosa ni la nani?" Akachukua gunzi jingine. "Sikudanganya."

"Nimwambie Mjomba."

"Usimwambie. Angekusamehe leo, na kesho akakukumbusha. Mimi nimeshauzoea mzigo huu. Umenitosha mabega."

Nikamtii. Akazikwa, nikiwa bado namtii.

Ndiyo maana njegere zilimwagika siku ile Mowlem. Jioni nilimwambia Rehema kila kitu, naye akauliza, "Shosh, huyo Mjomba si bado yuko? Si umpigie tu?" Nikamwambia neno hili haliendi kwa simu. Fundi akaweka rejeta mpya kabisa na ile dawa ya kijani ya kuzuia kutu, na Jumamosi alfajiri tukaondoka.

Mjomba Zakayo amekuwa mzee sana, macho yana ukungu. Alinitambua kwa sauti. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, magoti haya yasiyopenda kupiga tena, nikamwambia. Nilimweleza chupa, vidole, na lile neno "ni mimi."  Kisha nikaona mikono yake inatafuta fimbo.

"Miaka yote hii," akasema, "nilikuwa navuka njia."

"Alinikataza nisikuambie, Mjomba."

"Kaburi lake liko ng'ambo ya mto. Kilima ni kibaya. Hilo gari la mtoto litapanda?"

"Litapanda," Rehema akasema.

Tulimweka kiti cha mbele. Rehema alipanda taratibu, jicho kwenye kile kimshale cha joto, na kimshale hakikutikisika. Kaburini, kwenye kiwanja cha Baba, Mjomba alikataa kushikwa. Alivua kofia, akapapasa saruji mpaka akapata mahali pa jina.

"Shemeji," akasema, "naomba maji."

Rehema alikimbilia garini akaleta chupa. Mjomba akaipokea kwa mikono miwili, akanywa nusu, polepole, akiwa amesimama pale nyumbani kwa baba yangu. Ile nusu nyingine akaimimina juu ya kaburi.